Kazi za mikono nyumbani kwa asiyekuwa na mzee wa kumwonyesha

Kutoka: Leicester

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za wiki.

Naomba mnisaidie mawazo. Mimi na mke wangu tumepanga nyumba huku Uingereza, na Mungu akijalia mwezi wa tano tunapata mtoto. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, nikalelewa na bibi Morogoro. Kwa bibi kitu kikiharibika aliitwa fundi wa mtaani, mimi nikatumwa dukani kufuata washa ya bomba. Basi, ufundi wangu uliishia dukani. Drili sijawahi kuishika.

Hapa kumwita fundi afike tu mlangoni ni hela ya chakula cha wiki. Wenzangu kazini kila mmoja anasema "mzee wangu alinionyesha". Mimi nimebaki na video, na kila mwenye video anasema lake. Choo kinapitisha maji ndani kwa ndani usiku kucha. Redieta ya chumbani, lile bapa la chuma la ukutani linalopasha chumba joto, juu ni baridi, chini ina moto. Mke wangu naye anataka rafu ukutani kabla mtoto hajaja.

Nianzie wapi? Na kipi nisiguse kabisa?

Kutoka: Coventry

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa mnachokitarajia.

Nimefurahi umeuliza kipi usiguse, maana wengi hawaulizi. Mimi pia sikuonyeshwa na mtu. Baba yangu alikuwa baharini, kwetu Mombasa tulimwona kwa msimu, na hata akiwepo, mtoto wa kike hakuitwa kushika spana. Nilijifunza hapa hapa, ukubwani. Nilichokuja kukielewa ni kwamba kushika bisibisi utajifunza popote, hata kwenye video. Anayekosekana ni mtu wa kusimama nyuma yako akuambie "hapo acha". Video inakuonyesha mkono wa fundi, lakini yenyewe haikuoni wewe. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujiwekea mipaka, halafu umtafute mtu wa kukusimamia.

Kabla hujanunua hata nyundo, leo jioni zunguka nyumba na mkeo mtafute mahali pa kufungia vitu vitatu.

Maji: nyumba nyingi za huku koki kuu iko chini ya sinki la jikoni, nyuma ya sabuni na ndoo. Izungushe kulia mpaka ifunge, kisha fungua bomba la sinki uone kama maji yanakatika kweli. Ukiifungua tena, ifungue yote halafu irudishe kidogo, kama robo mzunguko. Koki iliyokazwa mpaka mwisho na kuachwa miaka hung'ang'ania, na siku bomba likipasuka hutaiweza.

Umeme: tafuta kisanduku chenye meni swichi, mara nyingi kiko chini ya ngazi au karibu na mlango wa mbele. Kama vile viswichi vidogo havijaandikwa kipi ni cha chumba gani, jaribu kimoja kimoja uandike.

Gesi: karibu na mita kuna mkono mdogo juu ya bomba. Ukifuata bomba, gesi inapita. Ukikatiza bomba, imefungwa. Mkisikia harufu ya gesi, fungeni hapo, fungueni madirisha, msiguse swichi yoyote ya taa, tokeni nje mpige 0800 111 999. Namba hiyo inapokelewa saa 24. Ibandikeni ndani ya mlango wa kabati, na mkeo aijue hata usipokuwepo.

Sasa mipaka. Gesi na boila, ile mashine inayochemsha maji ya kuogea na ya redieta, usifungue hata skrubu moja. Kisheria kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe Register peke yake, na mwenye nyumba analazimika kuhakikisha inakaguliwa kila baada ya miezi 12 na kukupa nakala ya cheti. Kama hujapewa, idai. Nyaya zilizo ndani ya ukuta na kile kisanduku cha umeme, waachie mafundi umeme. Juu ya paa usipande.

Ndani ya mipaka hiyo umeme upo unaoruhusiwa kuugusa: plagi. Hizi za huku ndizo zile zile za pini tatu tulizozizoea Kenya, Uganda na Tanzania, zenye fyuzi ndani. Kifaa kikizima ghafla, jambo la kwanza ni kubadilisha fyuzi: ya ampia 3 kwa taa na vitu vidogo, ya 13 kwa birika, pasi na hita. Usiweke kubwa ati ili isiungue tena. Fyuzi ikiungua tena, kifaa ndicho kibovu. Na ukilazimika kufunga plagi mpya, ichomoe kwanza, ifungue ikikuelekea huku waya unatokea chini: wa kahawia kulia kwenye fyuzi, wa buluu kushoto, wa kijani na njano juu katikati. Kaza kile kibano kinachoshika waya wa nje, ili mtu akiuvuta usichomoke kwenye pini.

Redieta uifanye mwenyewe, ni somo zuri la kuanzia. Juu baridi na chini moto maana yake kuna hewa ndani. (Ingekuwa kinyume, chini baridi, huo ungekuwa uchafu uliotulia, na hiyo si kazi yako.) Zima joto la nyumba, acha ipoe. Nunua ufunguo wa redieta, ni kitu cha bei ya chai. Shika kitambaa chini ya kile kitundu cha pembeni juu, zungusha kushoto taratibu. Utasikia hewa inatoka "sss", na hapo usiendelee kufungua, subiri tu. Matone ya maji yakianza kutoka, funga. Halafu katazame saa ya presha kwenye boila. Ikiwa imepoa inatakiwa isome kati ya 1 na 1.5. Ikiwa imeshuka chini ya 1, kitabu cha boila kitakuonyesha jinsi ya kuijazia maji kwa nje, bila kufungua kifuniko chochote. Ukiona huelewi, mpigie mwenye nyumba.

Choo ndicho nataka nikae nacho kidogo. Wewe ni mpangaji. Kwa sheria ya Landlord and Tenant Act ya mwaka 1985, kifungu cha 11, choo, sinki, bafu, mabomba, joto na maji moto ni jukumu la mwenye nyumba kutengeneza. Usitoe hela yako. Lakini jifunze kujua ugonjwa, maana barua pepe inayosema "choo kinavuja" hulala wiki tatu, na inayoeleza ugonjwa wenyewe hushughulikiwa.

Fungua tangi utazame. Kama maji yamepanda mpaka yanamwagikia ndani ya lile bomba la katikati lililo wazi juu, basi valvu inayoingiza maji haifungi. Kama maji yako chini ya hapo na bado yanapita chooni, mpira wa chini umechakaa. Kuhakikisha, tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi usiku kabla ya kulala, na mtu asivute maji. Asubuhi bakuli likiwa na rangi, ni mpira. Piga picha, andika hivyo hivyo, tuma.

Halafu siku fundi akija, usiende zako sebuleni. Mkaribishe chai, muombe ruhusa usimame utazame. Karibu wote hufurahi. Utaona anafunga maji kwenye kile kivalvu kidogo chenye mkato wa bisibisi: mkato ukifuata bomba maji yanapita, ukikatiza yamefungwa. Utaona anapanga vipande juu ya kitambaa kwa mpangilio ule ule alivyovitoa, ili kurudisha kusimsumbue. Hiyo ndiyo shule uliyoikosa, na inakufuata mpaka nyumbani.

Neno moja zito. Ukungu mweusi ukutani usiupake rangi juu ukadhani umetengeneza. Fungua madirisha, usianike nguo juu ya redieta, ndiyo, lakini ukungu ukirudi, mwandikie mwenye nyumba rasmi, kwa tarehe na picha. Mtoto Awaab Ishak alikuwa na miaka 2 alipofariki Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya ukungu wa nyumba yao, na baba yake alipolalamika aliambiwa apake rangi. Sheria yenye jina lake, inayomlazimisha mwenye nyumba kushughulikia ukungu wa hatari kwa muda uliowekwa, imeanza Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na za mashirika ya makazi England. Ninyi mnasubiri mtoto. Hapo msione haya kudai.

Kutoka: Minneapolis

Dada wa Coventry amesema yote, mimi naongeza kwa walio huku Marekani, maana vitu vinatofautiana.

Umeme wetu ni volti 120, na plagi hazina fyuzi ndani, kwa hiyo usilete mazoea ya Uingereza. Soketi za jikoni na bafuni zenye vitufe viwili, ukiona hazifanyi kazi, bonyeza kile kilichoandikwa RESET kabla hujamwita mtu. Nimeona watu wakikaa wiki nzima bila soketi kumbe ni kitufe.

Nyumba nyingi hapa ni mbao na jipsamu. Nguzo za mbao ndani ya ukuta kwa kawaida ziko inchi 16 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Ukiipata moja umezipata zote. Televisheni na kabati zishike kwenye nguzo, usizitundike kwenye jipsamu tupu. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 usikwangue rangi wala kuipiga msasa kwa sababu inaweza kuwa na madini ya risasi (lead), sumu mbaya kwa watoto.

Na baridi ya kwetu si ya mchezo. Kabla ya Novemba ondoa mpira wa bustani kwenye bomba la nje na ufunge maji yake kwa ndani. Usiku wa baridi kali fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto liingie, na acha bomba lidondoshe kidogo.

Kijana wa Leicester, mimi baba nilikuwa naye na bado sikujua chochote, alikuwa karani. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Bukavu tuliyesali naye kanisa moja. Kila alipokuwa na kazi Jumamosi nilikwenda kumshikia tochi. Tafuta mtu wa kumshikia tochi.

Kutoka: Leicester

Dada, nashukuru kutoka moyoni. Koki tumeipata, ilikuwa imekaza lakini ikakubali. Redieta sasa ina moto juu mpaka chini, mke wangu ameipigia picha akawatumia kwao. Rangi ya chakula imetokea kwenye bakuli, kwa hiyo ni mpira. Mwenye nyumba amejibu siku hiyo hiyo na fundi anakuja Alhamisi. Rafu ameniruhusu kwa maandishi, ila anasema nikiondoka nizibe matundu.

Sasa ukuta. Nikigonga upande mmoja unalia wazi, upande wa dirishani unalia mzito. Nitoboe wapi?

Kutoka: Milton Keynes

Kaka, mimi ni seremala, hapa naomba nijibu mimi.

Unaolia mzito ni tofali, huko ndiko rafu ya vitabu iende. Unaolia wazi ni jipsamu, uachie picha nyepesi. Rafu isikae juu ya kitanda cha mtoto, hata ukiifunga vizuri namna gani.

Kabla ya kutoboa, tazama soketi na swichi zilizo karibu. Waya hupanda au kushuka wima kutoka hapo, au huenda pembeni kwa usawa. Usitoboe juu, chini wala ubavuni mwa soketi kwa mstari ulionyooka. Azima kile kipimo cha kutafuta waya ukipitishe taratibu, na bado zima umeme wa chumba hicho. Drili iwe ya betri, au uvute umeme kutoka chumba kingine.

Kwa tofali tumia ncha ya milimita 7 na roplagi za kahawia (vile vijiti vya plastiki vinavyoingia tunduni kushika skrubu), drili ukiiweka kwenye alama ya nyundo. Pima urefu wa roplagi kwenye ncha, zungushia kipande cha tepu hapo. Tepu ikigusa ukuta, umefika. Bandika bahasha wazi chini ya tundu ipokee vumbi. Toboa tundu moja kwanza, funga skrubu nusu, weka rafu, na juu yake kile kifaa cha pima maji kuona kama imelala sawa, ndipo uweke alama ya tundu la pili. Wengi hupima matundu yote kwa penseli kwanza, halafu ncha ikiteleza kidogo kwenye tofali rafu inakaa upande.

Vifaa usikimbilie kununua. Miji mingi sasa ina sehemu za kuazima, kama Edinburgh Tool Library kwa walio Scotland. Ulizia pia Repair Café mtaani kwako. Zilianza Amsterdam mwaka 2009 na Martine Postma, sasa zimeenea nchi nyingi. Unapeleka birika au taa yako iliyokufa, unakaa meza moja na anayejua, mnaifungua pamoja bila malipo. Kwa mtu wa hali yako hakuna pazuri kuliko hapo.

Jumapili ya wiki ijayo nina kazi Leicester asubuhi, naimaliza saa saba mchana. Nitapita na drili, pima maji na kile kipimo cha waya. Wewe nunua roplagi na skrubu, na ukuta uwe umeondolewa vitu. Utatoboa mwenyewe, mimi nitasimama pembeni. Nitumie anwani faragha, usiiweke hapa.