Kuchuja waombaji wa shahada ya ualimu: alama tu, barua, jopo au vituo?

Mratibu_K
Wadau, salaam. Niko kwenye kamati ya udahili ya shahada ya ualimu na tumepewa kazi ya kupendekeza utaratibu mpya wa kuchuja waombaji. Chukulieni nafasi ni 100, maombi 600, na wanaofika hatua ya mwisho 200. Mezani kuna njia nne:

1. Alama za mtihani wa mwisho wa sekondari peke yake, unapanga kutoka juu unakata kwa 100.
2. Alama, barua ya kujieleza na barua mbili za wadhamini.
3. Alama, kisha usaili wa jopo la watu watatu, dakika 20 kila mwombaji.
4. Alama, kisha usaili wa vituo: mwombaji anazunguka vyumba sita, kila chumba msaili mmoja na swali moja.

Wajumbe wengi wanataka ya tatu kwa sababu ndiyo waliyoizoea. Mimi naegemea ya nne, ila nikiulizwa gharama sina la kusema. Nilinganishieni, hasa mliowahi kukaa upande wowote wa meza.

Nyundo
Namba 1, funga mjadala. Ni rahisi, ni haraka, na haina mjomba. Ukishaleta jopo umeleta sura, lafudhi, suti na "huyu namfahamu baba yake". Halafu tusidanganyane, mwalimu lazima ajue somo. Uingereza hawakupokei kwenye mafunzo bila angalau daraja la 4 la GCSE, mtihani wao wa sekondari wa umri wa miaka 16, katika Kiingereza na hisabati. Australia tangu 2016 wanafunzi wa ualimu wanapimwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na kiwango wanachotakiwa kufikia ni cha asilimia 30 ya juu ya watu wazima wote. Upole haufundishi aljebra.

Mama Darasa
Nyundo mwanangu, ulichotaja hapo ni vizingiti. Daraja la 4 ni mlango, ukishaupita hakuna anayekuuliza tena. Anachouliza Mratibu ni kupanga watu kwa alama kutoka wa kwanza hadi wa mia, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Mimi ni mkuu wa shule, napokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Wanaozama mbele ya darasa mara chache wamezama kwa kutojua somo. Wanazama kwa sababu mtoto hajaelewa mara ya tatu na wao wana njia moja tu ya kueleza, basi wanairudia ileile kwa sauti kubwa zaidi. Au mwalimu mlezi amewaonyesha kosa, wanaitikia kwa adabu zote, na kesho yake kosa lile lile lipo ubaoni. Hicho cheti cha sekondari hakikuonyeshi.

Na Finland inayosifiwa kwa kuchukua walimu bora haichukui wenye alama za juu pekee. Pasi Sahlberg, mtaalamu wa elimu wa huko huko, aliandika mwaka 2015 kuhusu waliopokelewa kusomea ualimu wa shule ya msingi Chuo Kikuu cha Helsinki: robo yao walitoka katika asilimia 20 ya juu kitaaluma, na robo nyingine walitoka nusu ya chini. Wangetaka kujaza nafasi zote kwa vichwa vya juu wangeweza, maana maombi yanazidi nafasi mara nyingi. Hawakutaka.

Takwimu Tupu
Nadhani kila upande unaamini kipimo chake kuliko kinavyostahili.

Mwaka 2019 Robert Klassen na Lisa Kim walikusanya tafiti 32 zilizolinganisha vipimo vya kuchagulia walimu na utendaji wao wa baadaye. Uwiano wa jumla ulikuwa 0.12. Sifuri maana yake kipimo hakisemi lolote, moja maana yake kinatabiri bila kukosea, kwa hiyo tuko karibu na sakafu. Vipimo vya kitaaluma na visivyo vya kitaaluma havikupishana sana. Mwenye kujivunia alama na mwenye kujivunia usaili wakae chini wote wawili.

Lakini msiitupe namba hiyo kabla ya kujua inavyopatikana. Tunawapima waliochaguliwa tu. Waliokataliwa hawakuingia darasani, hatuna cha kuwapimia. Ukishawaondoa wa chini wote, waliobaki wanafanana, na kitu kinachotofautiana kidogo hakiwezi kuonyesha uwiano mkubwa na chochote. Uhalisia huenda ni mzuri kuliko 0.12.

Kuhusu jopo, ninazo namba za ajira kwa ujumla, si za walimu. Mapitio ya Paul Sackett na wenzake ya 2022 yanaupa usaili wenye mpangilio 0.42, yaani maswali sawa kwa wote na alama zenye maelezo. Usaili wa kupiga soga wanaupa 0.19. Watu wale wale, dakika zile zile, tofauti ni maandalizi. Kwa hiyo Mratibu, kabla ya kubishana kati ya namba 3 na namba 4 waulize wajumbe wako kama namba 3 yao ina maswali yaliyoandikwa. Nina wasiwasi na jibu.

Mwombaji_Tena
Naweza kuwajibia hilo wajumbe. Niliwahi kusailiwa na jopo la namna hiyo, chuo sikitaji. Mimi niliulizwa kwa nini nataka kuwa mwalimu na nani alinivutia. Mwenzangu aliyetoka kabla yangu aliulizwa afanye nini mwanafunzi akilala darasani. Aliyeingia baada yangu waliongea naye mpira. Mjumbe mmoja faili langu lilikuwa wazi mbele yake kwenye ukurasa wa matokeo na macho hayakutoka pale. Mnatulinganishaje hapo?

Na namba 2 ifuteni tu. Barua ya kujieleza siku hizi inaandikwa na programu ya akili bandia kwa dakika moja, na kabla ya hapo ilikuwa inaandikwa na kaka aliyesoma. Barua za wadhamini ndiyo kabisa: nani atamchagua mdhamini wa kumsema vibaya?

Nyundo
Hapo kwenye barua tuko pamoja, dada. Mkitaka kuona mtu anavyoandika, mfungieni chumbani na karatasi.

Chaki
Nimewahi kuendesha usaili wa vituo, ingawa kwa kozi ya uuguzi. Ulianzia huko kwenye afya: Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya kwanza mwaka 2004, kwa vituo kumi vya dakika nane, wakichuja waombaji wa udaktari. Wazo ni kwamba jopo moja likikuchukia umekwisha, na likikupenda kwa jibu la kwanza litayasamehe mengine yote. Vituo vinavunja hilo. Umeharibu chumba cha kwanza, cha pili hawajui.

Sasa gharama, kwa mhasibu wako. Jopo: watu 200 mara dakika 20 ni dakika 4,000, kama saa 67, mara wasaili watatu inakuwa saa 200 za kazi. Vituo: mzunguko mmoja una waombaji sita na wasaili sita. Weka dakika sita za swali na mbili za kuandika alama na kuhama, unapata 48, fanya 50. Waombaji 200 ni mizunguko 34. Kila mzunguko unakula saa tano za kazi (wasaili sita mara dakika 50), jumla 170. Ni nafuu kuliko jopo! Ukiendesha mizunguko miwili sambamba na kufanya sita kwa siku kila upande, siku tatu umemaliza. Kinachouma ni vyumba, kengele, na mtu mkali wa muda kwenye korido. Huyo mtu msimkose.

Maswali ndiyo roho ya jambo. Usiulize "unapenda watoto?", hakuna atakayesema hapana. Mpe kisa: umesahihisha mtihani, mzazi amekuja na hasira, na ukiangalia karatasi unaona kweli ulikosea kujumlisha, lakini pia unaona mwanae alinakili. Unaanzia wapi? Hakuna jibu moja la kukariri. Msaili ana karatasi inayoeleza jibu la alama 1 linafananaje, la 3, la 5. Anaandika alama peke yake kabla ya kuongea na mwenzake, na matokeo ya sekondari hayaoni. Hilo la faili wazi alilosimulia Mwombaji_Tena linaua zoezi zima.

Kituo kimoja ambacho ningewashauri sana, na Mama Darasa atakipenda: mwombaji anaeleza kitu kidogo kwa dakika mbili, kwa mfano kwa nini mwezi unabadilika umbo. Msaili anamwambia jambo moja la kurekebisha. Anaeleza tena. Alama zinatolewa kwa kilichobadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili.

Mama Darasa
Nakipenda. Na nawaambia kwa nini ni bora kuliko somo la majaribio la dakika kumi ambalo wengine watalipendekeza: somo hilo linampa ushindi aliyewahi kufundisha tuisheni na anayejiamini kusimama mbele za watu. Kusimama tutamfundisha sisi, ndiyo kazi ya kozi. Nikipewa anayesikia anapoelekezwa, mengine nitamalizia.

Singapore wanakwenda mbali zaidi. Anayetaka ualimu anatumwa kwanza shuleni kufundisha kwa muda kabla ya kuingia mafunzoni NIE, chuo chao cha taifa cha ualimu, shule imwone na yeye ajione. Lakini kule wizara inamwajiri na kumlipa mshahara. Chuo peke yake hakiwezi kubeba mzigo huo.

Nyundo
Maswali yatavuja. Wa siku ya kwanza watawapigia simu wa siku ya tatu. Baadaye zitazuka darasa za kulipia za "jinsi ya kupita vituo", na mtakuwa mmerudi kwa kaka aliyesoma.

Chaki
Yatavuja, ndiyo. Andaa seti tatu, moja kila siku. Hata hivyo kujua kisa hakusaidii kama kujua jibu, kwa sababu msaili anakufuata na maswali: na mzazi akikataa? na mkuu wa shule akisema nyamaza? Kituo cha kurekebishwa ndiyo kabisa, hujui utarekebishwa nini. Biashara ya mafunzo hiyo sina dawa nayo, labda chuo kiweke mifano wazi kwenye tovuti ili asiye na pesa aione pia.

Takwimu Tupu
Mtego mmoja ambao kamati nyingi hazijui zimo ndani yake. Mtaandika kwenye mwongozo: mtihani asilimia 60, usaili asilimia 40. Wasaili ni watu wapole, hawapendi kumkata mtu, kila mmoja anapata kati ya 30 na 33 kwenye zile 40. Alama za mtihani nazo zimetawanyika kuanzia 35 hadi 58 kwenye zile 60. Tofauti kubwa kabisa usaili unayoweza kuleta ni pointi 3, ya mtihani ni 23. Mmekodi vyumba siku tatu, na orodha ya mwisho inakaribia kuwa ile ile ya namba 1 ya Nyundo. Kabla ya kujumlisha, zibadilisheni alama za pande zote mbili ziwe na mtawanyiko sawa, ndipo 60 na 40 zitakuwa na maana.

Nyundo, kuhusu mtihani kutokuwa na mjomba: Ontario, Kanada, waliweka mtihani wa hisabati kwa wanaotaka kusajiliwa ualimu. Mwaka 2021 mahakama iliutupa, ikisema waombaji wa makundi fulani ya rangi walikuwa wanafeli kwa kiwango kisicho sawa na wengine. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema hata karatasi ya hesabu ina wa kuitilia shaka.

Nyundo
Sawa. Basi kama vipimo vyote ni dhaifu hivyo, mtu wa 95 na wa 110 mnawatofautisha kwa nini? Pigeni kura. Bahati nasibu kwa wote walio karibu na mstari. Nasema kwa dhati.

Takwimu Tupu
Uholanzi walifanya hivyo kwa udaktari miaka mingi: wenye alama za juu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya majina yao kuchomoka, lakini kura ilipigwa. Waliifuta mwaka 2017, baadaye sheria ikairuhusu tena. Kihesabu nakuunga mkono. Tofauti ya mtu wa 95 na wa 110 ni kelele tupu, yaani bahati tu.

Mwombaji_Tena
Mimi nikikosa kwa kura nitalala usingizi. Nikikosa kwa kuongea mpira vibaya, hapana.

Mratibu_K
Kura haitapita kwenye seneti, nawajua. Ila hesabu ya saa 170 dhidi ya 200 naibeba kama ilivyo.

Nitakachopeleka: kizingiti cha alama kwa lugha na hesabu, na cha somo atakalofundisha, barua zote nje, insha ya dakika 40 chini ya usimamizi, vituo sita, kimojawapo cha kurekebishwa, wasaili hawaoni matokeo, mtawanyiko unasawazishwa kabla ya kujumlisha. Ukaguzi wa rekodi ya jinai nautenga kabisa na alama: unapita au hupiti, huo haujumlishwi na chochote.

Wasaili nitawatoa idara zetu, tuko wahadhiri kumi na wawili.

Mama Darasa
Wahadhiri watupu? Hapana, baba. Nusu watoke mashuleni, na msituite wiki ya mitihani ya watoto. Na hao watakaopita, nani atatunza alama zao za kila kituo mpaka watakapofika kwangu kwenye mafunzo kwa vitendo? Msipomtaja mtu kwa cheo sasa hivi, mwaka wa tatu mtaniambia faili limepotea.

Takwimu Tupu
Mimi naitunza, mkinipa lahajedwali iliyoondolewa majina.

Mratibu_K
Nimeandika. Mama, nitumie kalenda ya mitihani ya shule kwa ujumbe binafsi.