Narudi kwenye kamera: nianze na filta ipi huku Mtwara?

Mwana Shangani
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Kupiga picha nilikuacha nilipoanza kulea. Watoto wamekua, kamera nimeitoa kabatini. Lenzi ninazo mbili: 18-55 iliyokuja na kamera (ya kuvuta, milimita 18 hadi 55), na 50 isiyovuta, ya f/1.8, yaani yenye tundu kubwa la mwanga. Napenda bahari: Msimbati, ngalawa za hapa Shangani, majengo ya kale ya Mikindani. Kinachonisumbua ni mwanga wa mchana. Maji ambayo kwa macho naona mchanga chini yake, kwenye picha yanatoka meupe kama bati jipya.

Dukani nimeonyeshwa mkoba wa filta chungu nzima (UV ya kuzuia miale ya jua isiyoonekana, CPL ya kukata mng'ao, ND ya kupunguza mwanga, za rangi) kwa bei chee. CPL nzuri peke yake inakaribia bei ya mkoba wote. Hela inatosha kimoja tu. Naombeni ushauri.

Kusi la Lindi
Chukua CPL, mkoba uache hapohapo. Mng'ao ule ukishaingia kwenye picha, huwezi kuufuta kwenye kompyuta ukapata mchanga uliokuwa chini. CPL unaizungusha taratibu huku unachungulia, mpaka maji yafunguke. Yaangalie kwa mshazari, digrii 35 hadi 40 hivi kutoka usawa wa maji, ndipo inapofanya kazi vizuri zaidi. Hata majani ya mikorosho yanaacha kung'aa, ukijani unarudi.

Za rangi ni za enzi za filamu. Siku hizi rangi unarekebisha kwenye kamera yenyewe.

Mpigapicha wa Kilwa
Naunga mkono. Kabla hujalipa, soma namba iliyo karibu na alama ya ø mbele ya lenzi. Hicho ndicho kipenyo cha filta, usikichanganye na ile 50 wala 18-55. Nunua ya lenzi yenye kipenyo kikubwa, halafu ile ndogo itafutie ringi ya kuunganishia. Ringi ni bei rahisi, na filta moja inatumika kote.

Jambo jingine: 18-55 nyingi za zamani huzunguka mdomo zinapotafuta fokasi, na filta inazunguka nayo. Kwa hiyo fokasi kwanza, CPL baadaye. Jua likififia itoe, maana inakula mwanga stopu moja hadi mbili (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu).

Bibi Korosho
Jamani, na UV je? Upepo wa huku unabeba chumvi na mchanga. Mimi siingii ufukweni lenzi ikiwa wazi.

Kusi la Lindi
Bibi, hapo uko sahihi, siku ya upepo kinga inahitajika. Ila ni kinga tu. Miale ya UV kamera za kidijitali huizuia zenyewe. Siku iliyotulia hudi, kile kikofia cha mbele ya lenzi, inatosha. Usiku ukipiga taa za bandarini, itoe UV, vinginevyo utaona vivuli vya taa vikielea angani. Na chumvi ikikaukia kwenye kioo usiisugue kikavu: puliza kwanza, kisha kitambaa chenye unyevu.

Mwana Shangani
Asanteni sana. Nimesoma: 58 na 49. Nachukua CPL ya 58 na ringi. Je, Msimbati alfajiri itanifaa? Na ND niisahau kabisa?

Mpigapicha wa Kilwa
Jua linapochomoza baharini, ukilielekea CPL haina kazi kwenye anga. Geuka ufuate ufuo, jua likae begani, kushoto au kulia. Huko ndiko anga linakolemea buluu. Usipige lenzi ikiwa 18, upana wake wote, anga litatoka na madoa, upande mweusi upande mweupe. Vuta lenzi hadi 35 hivi.

ND ngoja upate tripodi (stendi ya miguu mitatu). ND64 inapunguza stopu 6: picha ya 1/60 ya sekunde inakuwa ya sekunde 1 hivi, na kwa mikono hutaweza.