Nimeondoa libssl3 (laibrari ya usalama wa mawasiliano ambayo programu nyingi huitegemea) kwenye seva ya duka, sasa amri zinagoma. Niizime niiwashe?

Mwanalangoni: Assalamu alaykum wanajamvi. Naangalia seva ya duka la jumla hapa Lamu, Langoni. Mfumo wake ni Ubuntu 22.04. Programu yetu ya hesabu ni ya zamani, inadai libssl1.1, toleo la zamani la laibrari hiyo, nikaona nitoe libssl3 ili hiyo ipate nafasi. Tangu hapo curl ya kuvuta faili mtandaoni haiwaki, amri ya mysql ya kufungulia hifadhidata haiwaki, na nikijaribu kuingia kwa mbali kwa ssh kutoka nyumbani Shela nafukuzwa mlangoni. Nikiizima na kuiwasha itapona? Sijalala.

MpigaTanga: Waalaykum salaam. Kwani zilikuwa zinagombea nafasi? Faili moja ni libssl.so.1.1, nyingine libssl.so.3, zinakaa nyumba moja bila ugomvi. Hiyo ya zamani ilikuwa ya 20.04, ndiyo maana kwenye hazina ya 22.04 huikuti. Uliondoa kwa amri gani?

BintiMkomani: Mimi nilipoteza picha zote za harusi ya dadangu kwa kompyuta kuharibika. Mpaka leo mama hajanisamehe. Nyinyi vijana mna haraka, hata jahazi hufungwa kamba kabla ya watu kulala.

Mwanalangoni: Pole dada. Niliondoa kwa apt, ile amri ya kusimika na kuondoa programu, kawaida tu.

KoziMalindi: Uzi wa kutunga huu. apt ingekumwagia orodha ya vitakavyong'oka, ungeshtuka. Tena ssh imekufa, hayo makosa unayasomea wapi?

Mwanalangoni: Wallahi sijatunga. apt ilitaka kuondoka na nusu ya mfumo, nikaogopa, nikatumia dpkg --remove --force-depends, inayoondoa kwa nguvu bila kujali vinavyoitegemea. Kuna dirisha moja la ssh nililifungua jana, nimo kama root, mwenye mamlaka yote, bado liko hai. Bekapu hatuna. Madeni ya wateja wote yamo kwenye MySQL humo. Lakini fundi yuko Mokowe anangoja boti, ana flash ya kusimika mfumo upya, na tajiri ameshakubali. Mfumo mpya si ndio salama zaidi?

MpigaTanga: USIZIME. Na hilo dirisha usilifunge! Programu iliyokwisha kuwaka hubaki na laibrari yake kwenye memori hata faili likifutwa. Ndiyo maana dirisha lako linapumua, na MySQL pia. Ukizima, hazitaamka. Kozi, maneno yake yanaingia akilini. Ndugu yangu, dpkg na apt haziitegemei libssl3, kwa hiyo andika sasa hivi: apt install libssl3. Ikirudi, toa nakala ya hifadhidata kwa mysqldump, na nakala itoke nje ya mashine hiyo. Mfumo mpya baadaye.

KoziMalindi: La dirisha nimekubali, niwie radhi. Ila tajiri alikubali akijua madeni yake yatafutika?

Mwanalangoni: Sikumwambia.

BintiMkomani: Subhanallah.

Mwanalangoni: libssl3 imerudi! mysqldump inaendelea. Tajiri nimempigia, amenyamaza, kisha akauliza fundi yuko wapi. Fundi hashiki simu, na boti imeshatoka Mokowe. Natoka Shela sasa hivi nimuwahi gatini Lamu.