Kumpeleka mama Muhimbili kutoka Mbeya: ndege, TAZARA, basi au gari binafsi?

Mwana wa Uyole
Habari za majukumu wakuu. Mama yangu ana miaka 71, nyonga ya kulia imesagika, anatembea kwa mkongojo. Amepewa rufaa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), kliniki ni Jumatano ya wiki ile nyingine, saa 2 asubuhi. Akikaa kitini zaidi ya saa moja, kuinuka ni kazi na usiku halali kwa maumivu.

Ndege hajawahi kupanda na anaiogopa. Anataka treni ya TAZARA, ndiyo aliyopanda ujanani akipeleka mchele Dar. Mdogo wangu ana gari dogo, anasema tumbebe. Mimi niliwaza basi la usiku. Hela ni ya kubana, ila nikiona sababu naweza kuongeza. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Kondakta Mstaafu
Pole kwa kuuguliwa, mdogo wangu. Njia hiyo nimeifanyia kazi miaka mingi. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800; ukiondoka saa 12 asubuhi unaingia Dar jioni au usiku kabisa. Mabasi ya usiku yalirudi 2023 baada ya kuzuiwa tangu miaka ya tisini, na barabara usiku haina foleni kubwa, lakini mgonjwa wa nyonga atakaa amejikunja usiku kucha. Basi halisimami kila anapotaka kujinyoosha.

Halafu kuna mlima wa Kitonga, kule Iringa. Lori moja likiharibika kwenye zile kona, mnasubiri saa nzima au tatu. Niliwahi kukaa pale na abiria mjamzito kuanzia saa 8 mchana hadi giza linaingia, hakuna kwa kugeukia, ukuta wa mlima huku na bonde kule. Siku ile siisahau. Mkimaliza Kitonga mnaingia Hifadhi ya Mikumi, kilomita kama 50 za mwendo mdogo kwa sababu ya wanyama. Na basi linaishia stendi ya Mbezi Luis, bado Upanga iliko Muhimbili ni mbali. Kwa mama huyu, basi hapana.

Binti Iyunga
Mimi namuelewa mama. Kwenye TAZARA atalala: daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita. Ila jua kwamba wanawake na wanaume hutenganishwa, labda mnunue chumba kizima, kwa hiyo aende na dada yako. Ngazi za behewa ziko juu, pale stesheni ya Iyunga tulimbeba bibi yetu mikononi. Shida kubwa ni muda. Treni inatoka New Kapiri Mposhi, Zambia. Ikichelewa huko, ninyi mnasubiri huku. Uliza stesheni kwanza kama wiki hiyo ipo. Kama ni kwenda kusalimia ningesema panda. Kwa kliniki ya saa 2, nisingethubutu.

Nesi wa Wodini
Kaka, safari yoyote ya kukaa zaidi ya saa nne inaongeza hatari ya damu kuganda miguuni, hasa kwa mtu wa umri huo ambaye hatembei sana. Anywe maji, asiyakwepe kwa kuogopa choo. Achezeshe vifundo vya miguu. Dawa za maumivu na picha za eksirei zikae kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi la chini. Na muulize daktari wake wa Mbeya kabla hamjakata tiketi.

Mwana wa Uyole
Asanteni sana. Kondakta, umenitisha lakini umenisaidia. Vipi tukienda kwa gari hadi Morogoro, kisha treni ya umeme ya SGR?

Tumaini Moro
Inawezekana, mimi wazazi wangu nawapitisha hivyo. Laleni Iringa, asubuhi mshuke Morogoro. Treni hadi Dar haifiki saa mbili, na nauli ya kawaida ilianza kwa shilingi 13,000 mwaka 2024. Mnakwepa foleni ya Chalinze hadi Kibaha, na mnashukia katikati ya jiji, Muhimbili ni karibu. Kitambulisho lazima, na mfike mapema kwa ukaguzi. Lakini bado ni siku mbili, na Kitonga iko palepale.

Mkazi wa Mbalizi
Panda ndege, mkuu. Kutoka uwanja wetu wa Songwe hadi Dar ni saa moja na nusu hivi. Wakati wa kukata tiketi sema kabisa kwamba abiria anahitaji kiti cha magurudumu, usisubiri kusema siku hiyo. Tokeni mjini mapema, malori ya Tunduma hufunga barabara hapa kwetu. Na msiende Jumanne jioni! Mwaka jana nilisubiri ndege ikazunguka juu kwa ukungu, ikarudi Dar, tukalala. Nendeni Jumatatu.

Mwana wa Uyole
Nimeongea na mama. Alinyamaza muda, akauliza kama mtu wa pembeni yake atakuwa mimi. Nikamwambia ndiyo. Tumekata tiketi za Jumatatu. Mdogo wangu amechangia hela ambayo angeweka mafuta.

Mwana wa Uyole
Mrejesho, wakuu. Tumefika salama. Kiti cha magurudumu kilikuwa tayari, wahudumu walimshika vizuri kwenye ngazi. Alifumba macho ndege inapaa, kisha akaangalia chini njia nzima. Aliniuliza kama Kitonga tumeshaipita. Kliniki tumehudhuria, anaandaliwa upasuaji. Kurudi nyumbani tutasafiri vipi, hilo ameachiwa daktari. Nikijibiwa nitaandika hapahapa.