Mjadala: Aliyekimbia ukame, je, ni mkimbizi?

Mwanzisha mada:
Mwaka 2011, Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa la njaa kusini mwa Somalia, wafugaji waliokwisha kupoteza mifugo yao walivuka mpaka, wengi kwa miguu, hadi kambi za wakimbizi za Dadaab, katika kaunti ya Garissa nchini Kenya. Kambi hizo zilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya watu 90,000. Mwaka huo zilipita 400,000. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamhesabu mkimbizi kuwa mtu anayehofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Ukame haumo. Kwa kuwa tabianchi inazidi kubadilika, ninaona mkataba huo urekebishwe. Anayepinga atoe hoja.

Mchangiaji wa kwanza:
Ninapinga. Mkataba huo ukifunguliwa leo, mataifa tajiri yaliyochoka kupokea wageni hayatauongezea ukame, bali yatapunguza hata kinga iliyopo. Tena Afrika haina haja ya kuisubiri Geneva, kwani Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 unamlinda pia aliyelazimika kuhama kwa sababu ya matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma, na Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inafuata maana hiyo. Wala ukame wa 2011 haukuua peke yake: wapiganaji wa Al-Shabaab walikuwa wamezuia mashirika mengi ya misaada kuingia katika maeneo waliyoyashikilia. Mama aliyefika Dadaab na watoto wawili kati ya wanne alikimbia nini basi, mvua iliyokosekana au bunduki iliyozuia chakula? Afisa anayemtaka achague moja anamwonea.

Mchangiaji wa pili, kutoka Garissa:
Nyote mnamzungumzia anayekuja, wala hakuna aliyemtaja anayemkuta. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mizoga ya ng'ombe ilitapakaa upande wetu wa mpaka pia. Visima virefu vya kambini na vya vijiji vinachota maji yaleyale ya Merti yaliyo chini ya ardhi, na kuni zilizokuwa karibu sasa zinafuatwa mbali. Sisemi wafukuzwe, wengi wao ni ndugu zetu kwa lugha, kwa dini na hata kwa ukoo. Lakini angalieni yaliyotokea pale posho ilipotolewa kwa kadi ya ukimbizi pekee: Wakenya maskini wa huku, wakiwa na njaa ileile, walijiandikisha kuwa wakimbizi ili wapate chakula, kisha vijana wao walipofikia umri wa kuchukua kitambulisho wakakataliwa, kwa kuwa alama zao za vidole zilikuwa katika rejista ya wakimbizi. Raia akawa mgeni kwao kwa sababu ya mgao wa unga. Kabla hatujabishana kuhusu jina, tuulizane kwanza kwa nini njaa moja ilipewa milango miwili.

Mwanzisha mada:
Hilo sikulifikiria, na ninalikubali. Kule Turkana, makazi ya Kalobeyei yalianzishwa mwaka 2016 kwa nia ya wakimbizi na wenyeji kutumia shule, zahanati na masoko pamoja. Ninaona msaada wa wakati wa ukame ungefuata njia hiyo, upimwe kwa hasara ya mtu badala ya karatasi yake. Kuhusu kuurekebisha mkataba wa 1951, ninarudi nyuma. Hata hivyo, nina swali kwa mchangiaji wa kwanza: mwaka ambao ukame utamsukuma mfugaji kutoka mahali pasipo na vita wala Al-Shabaab, ule mkataba wa OAU utamshika kwa kifungu gani?

Mchangiaji wa kwanza:
Njaa ikishavunja masoko na kuwafanya watu wapigane visimani, utulivu wa umma umekwisha kuvurugika. Ikiwa haijafika hapo, nakiri kwamba kifungu hicho hakimfikii.