Kinanda kipi?

*Grupu: KAHAWA NA UDI – KIBOKONI*

Jumatano

Bi Vikombe 16:12
Asalam aleikum. Jamani vikombe. Jumamosi niliweka 40 kwa mkono wangu nikahesabu mara mbili, vilivyorudi ni 31 na vyengine kashata imegandia chini kama simiti. Hapa hakuna mfanyikazi wa mshahara sote twajitolea, sasa kila mtu akija yuwajitolea kuimba taarabu, wa kujitolea kuosha ni nani

Jirani wa Juu 16:15
Waaleikum salam. Kimoja kilikuwa kwa ngazi yangu nimekirudisha mlangoni. Ndani kulikuwa na vichungi vya sigara sitaji mtu

Bi Vikombe 16:15
32

Ami Udi 16:31
Kikombe ni amana. Mtu akimaliza kahawa yake akirudishe kwenye sinia. Hata mtoto mdogo haambiwi mara mbili

Badi 16:40
Ami shikamoo. Samahani nakatiza, Jumamosi hii naweza kuja na kinanda? Kimekaa tu nyumbani

Ami Udi 16:41
Marahaba mwanangu. Kinanda?? Umekitoa wapi wewe kinanda masha Allah

Ami Udi 16:41
Lete lete lete. Miaka mingapi sijakishika mikono yaniwasha

Badi 16:43
Nimenunua kwa mtu Kongowea. Si kipya lakini kiko safi

Ami Udi 16:44
Kongowea!! Dunia ina mambo. Ngozi yake iko sawa haijapasuka?

Badi 16:45
Iko sawa Ami, na zipu yake yafunga vizuri

Ami Udi 16:45
Zipu

Swaleh Tuktuk 16:46
😂😂😂😂 nimesimamisha gari

Swaleh Tuktuk 16:47
Badi, Ami yuwazungumza kibangala wewe wamwambia habari za begi

Ami Udi 16:58
Badi ni kile cha kubonyeza?

Badi 16:59
Ndio Ami 🙈

Ami Udi 17:14
Sikiza mwanangu sikulaumu, ni lugha imetuhama tukiwa tumelala. Sisi tukisema kinanda ni kile cha gogo moja, fundi achonga mti mmoja kuanzia kichwa mpaka tumbo bila kuunga, halafu tumboni yawambwa ngozi, kuna wanaokiita gambusi na kuna wanaokiita kibangala, na watu wakiimbia mashairi yao kabla hatujajua waya wa stima ni nini. Halafu hilo li-mashini likaja likachukua jina, na mwenye jina lake sasa hata nikimtaja naulizwa ni nini hiyo. Mimi nimekaa hapa dakika kumi na furaha ya bure

Nuru 17:20
Ami pole 😢 lakini mbona basi wewe wapiga udi si kibangala

Ami Udi 17:22
Kwa sababu udi ndio niliopewa. Nyuzi 11, kumi zaenda mbili mbili na mmoja pekee yake kama mjane. Na tulikuwa na marehemu Zein l'Abdin mji huu huu wa Mombasa, katoka Lamu akaja akakaa na sisi mpaka akafa 2016. Ukishamsikia yule ule udi aufanya useme, utashika nini tena

Bi Vikombe 17:25
Vikombe 8 jamani. Nyuzi tumezielewa

Swaleh Tuktuk 18:03
Bi nimepata 3 chini ya siti ya nyuma ya tuktuk. Wallahi sijui vimefikaje

Bi Vikombe 18:04
Mie najua. 35. Na viwili nimekumbuka niliazima watu wa khitma kwa hivyo 37

Badi 19:52
Sasa Ami kwani umekataa? Maana tashkota mwaikubali na hiyo nayo si ya kubonyeza?

Ami Udi 19:55
Tashkota ni yetu

Nuru 20:06
Eeeh Ami nimesoma kuhusu tashkota kwa ajili ya mradi wa chuo. Ni ya Mjapani. Ilitengenezwa Nagoya mwaka 1912, jamaa kachukua nyuzi akaziwekea vibonyezo vya taipureta juu yake. Wahindi nao wanayo waiita bulbul tarang. Hata jina lenyewe tashkota ni neno la Kijapani limekuja likavaa kanzu

Swaleh Tuktuk 20:07
Kuvaa kanzu 😂😂

Badi 20:08
Na changu ni Yamaha. Mjapani na Mjapani

Badi 20:08
Nasema tu

Jirani wa Juu 20:10
Badi mwanangu leo umekula nini

Ami Udi 20:41
Nimeswali nimerudi nimesoma. Nuru ahsante sikujua habari ya taipureta lakini ukitizama vile vibonye kweli ndivyo.

Haya. Mimi sijakataa kitu kwa sababu kimekuja na meli, hapa ni bandarini, tukikataa vya meli tutabaki na madafu. Marehemu Juma Bhalo aliyetuacha 2014 akichukua mahadhi ya Kihindi akayatia maneno ya Kimvita mpaka Mhindi mwenyewe akisikia atikisa kichwa hajui aseme nini. Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mwaka 1928 akenda Bombay kuimba santuri. Kwa hivyo usinifanye mimi mzee wa kuogopa vitu.

Mimi naogopa spika

Badi 20:42
Spika?

Ami Udi 20:50
Spika. Kinanda chako hakiji pekee yake, chaja na spika mbili kama makabati na waya zimelala mlangoni watu wajikwaa na kahawa ya moto mkononi. Kikishalia Swaleh na ngoma yake ya dumbaki ajilambia mkono tu, yule kijana wa tashkota arudi nyumbani kwao maana kinanda kina sauti yake na ya wenzake wote, na mwimbaji apiga ukelele. Nilikwenda harusi juzi mtu kaimbiwa fumbo zima usoni, fumbo la dakika saba, na yeye yuwacheza na kutunza pesa, hakujua kama ni yeye. Sasa taarabu ya namna hiyo ina faida gani mtu umemtukana na hakusikia

Bi Vikombe 20:52
Hilo kweli nilikuwepo 😂 alitunza elfu mbili

Jirani wa Juu 20:55
Naunga mkono habari ya spika, na pia saa nne mwisho tafadhali, kijana wangu yuko darasa la mtihani

Alhamisi

Ami Udi 10:20
Badi. Kinanda chako chajua Rasti?

Badi 10:34
Chajua nini Ami

Ami Udi 10:36
Makamu ya Rasti, ule mpango wa sauti wa Kiarabu. Anza pale chini upande polepole. Ukifika sauti ya tatu simama. Hiyo sauti si kitufe cheupe na si cheusi, yakaa katikati. Udi hauna vizuizi shingoni nateleza kidole naikuta. Wewe utaikuta wapi

Badi 10:37
Tashkota je yaipata hiyo sauti?

Ami Udi 10:39
Haiipati. Ndio maana sikuombi Rasti kwenye tashkota napiga nyimbo za mahadhi ya Kihindi. Kila chombo na unga wake. Nakuuliza wewe na Yamaha yako

Badi 12:58
Nimetafuta mpaka chakula kimepoa. Kuna mahali ndani ya menyu wabonyeza kitufe kimoja kimoja wakiambia shuka nusu. Ami sikiza

Badi 12:59
🎤 Sauti (0:38)

Nuru 13:10
Jamani hii ni nzuriii

Swaleh Tuktuk 13:12
Abiria wangu mama mmoja ameuliza ni redio gani

Bi Vikombe 15:20
Ami tumeona umesikiliza tangu saa saba

Ami Udi 15:47
Nimesikiliza mara sita

Ami Udi 15:49
Yafanana. Siyo lakini yafanana

Badi 15:49
😭 ahsante Ami

Ami Udi 15:55
Usilie bado. Uje na kinanda chenyewe bila spika ya nje, utumie hiyo ndogo ya ndani, ukae nyuma ya udi si mbele. Na ukisikia mwimbaji wewe nyamaza, umjibu akivuta pumzi. Halafu mwenye chombo kipya ndiye muosha vikombe, hiyo ni kanuni

Badi 15:56
Kanuni ya lini Ami

Bi Vikombe 15:56
Ya leo. Naiunga mkono

Bi Vikombe 16:10
Sasa ya maana. Mkebe wa Jumamosi ulikuwa na 1,740 na kifungo cha shati. Nataka kahawa nusu kilo isiyosagwa tutatwanga wenyewe, ile ya kusagwa dukani yanuka karatasi, tangawizi, iliki, makaa. Kashata atafanya Nuru. Swaleh lete makaa na tafadhali yasiwe mabichi, mara iliyopita dele limekaa saa nzima halichemki watu wanywa maji ya vuguvugu na kusema masha Allah kwa adabu

Swaleh Tuktuk 16:12
Sawa Bi. Na wale akina dada wauliza kama kutakuwa na chakacha

Bi Vikombe 16:13
Chakacha ni ngoma ya harusini wanawake sisi kwa sisi, si barazani mbele yako. Lete makaa

Jumapili

Nuru 08:15
Jana 🔥🔥 mie bado naimba mpaka sasa

Jirani wa Juu 08:40
Mmemaliza saa nne na robo nimehesabu. Lakini kijana wangu mwenyewe alikaa kwa ngazi na kitabu mapajani hajafungua ukurasa, kwa hivyo sijui nimlaumu nani

Swaleh Tuktuk 08:52
Ile ya tatu Badi alivyonyamaza na Ami akaingia pekee yake! Mzee mmoja pale nyuma kafuta macho akasema ni moshi

Badi 09:10
Ilikuwa moshi kweli Swaleh makaa yako mabichi 😂 Nimeosha vikombe mpaka saa tano na nusu vidole vyote vimekunjamana, leo siwezi kubonyeza kitu

Ami Udi 09:14
Vidole vya kuosha vikombe havidanganyi sauti. Umepiga vizuri. Wiki ijayo uje mapema nikufunze makamu ya Bayati, na mkipata fundi wa kuchonga kibangala popote pale Pwani mniambie, sitaki kufa na neno tupu

Bi Vikombe 09:30
Badi ahsante vyang'aa. Lakini nimehesabu ni 37. Viwili vya wiki ile nimepata vigae vyake nyuma ya mtungi vimevunjika nimesamehe. Bado kimoja, na hicho si cha jana ni cha tangu wiki ile. Mwenye nacho aseme hatutamtaja

Nuru 09:31
Mie la

Swaleh Tuktuk 09:33
Nimeangalia tuktuk mpaka chini ya injini

Jirani wa Juu 09:36
Kwa ngazi hakuna

Ami Udi 11:02
Bi Vikombe. Nimetoa kanzu ya wiki ile nipeleke kwa dobi nikasikia kitu kizito mfukoni

Bi Vikombe 11:02
Ami

Bi Vikombe 11:03
Amana

Swaleh Tuktuk 11:03
😂😂😂😂😂😂😂

Ami Udi 11:05
Nakileta sasa hivi. Na nitakiosha

Bi Vikombe 11:06
38