Tupeane uzoefu: watoto wa miaka miwili na mitatu hapa Goma wanajifunza wapi kuogelea na kucheza dansi?

Mama wa Kyeshero
Wazazi wenzangu, ninawasalimu. Binti yangu ametimiza miaka miwili na nusu. Muziki ukipigwa kwa jirani hatulii, na maji akiyaona, hata ya beseni, anataka kuyaingia. Nimeulizia mafunzo kila upande, nami najibiwa kwamba wanapokea watoto kuanzia miaka sita. Mliokwisha kupita njia hii, naomba mtueleze mlimpataje mwalimu, na mliangalia nini kabla ya kutoa pesa.

Baba wa mapacha, Himbi
Mama, darasa la watoto wa umri huo usilitafute, bali mtafute mtu. Hoteli tuliyoanza nayo ilitupa kijana aliyesimama ukingoni mwa pisini akitoa amri, huku simu ikiwa mkononi, nasi tukaondoka siku hiyohiyo. Mwalimu tuliye naye sasa huingia majini pamoja na mtoto. Kwanza humwagia maji begani kwa kikombe cha plastiki, kisha shingoni, na kichwani humwagia pale tu mtoto mwenyewe anapoanza kucheka. Baada ya hapo humfundisha kupuliza mapovu, na jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote, kugeuka na kurudi kushika ukingo kila anapoachiwa. Mmoja wa mapacha alizoea upesi. Mwenzake alilia majuma mengi, na mwalimu hakumlazimisha. Kipindi kisizidi nusu saa, kwa kuwa mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na maji ya pisini hayapashwi moto, hivyo midomo ya mtoto ikianza kubadilika rangi, mtoe, umfunge taulo, na somo liishie hapo. Angalieni pia kama sakafu ya bwawa inaonekana wazi: ikiwa haionekani, rudini nyumbani.

Nesi, Katindo
Nakubaliana na Baba mapacha, ila naomba niseme juu ya ziwa, kwa sababu wengi hudhani kwamba Kivu ni pisini ya bure. Mtoto anayejifunza humeza maji, na kipindupindu katika mji huu hakihitaji maelezo kwa yeyote anayekumbuka mwaka 1994, kilipoua maelfu ya wakimbizi hapa. Halafu kuna mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini huua kwa kukosesha pumzi, nayo ni nzito, hujikusanya mabondeni na kwenye mashimo karibu na ufuo, hasa usiku na alfajiri kunapokuwa hakuna upepo, na mtoto mfupi huivuta kabla mtu mzima aliyesimama kando yake hajahisi lolote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikia miaka mitano. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinakubali mafunzo ya kuogelea kuanzia mwaka mmoja, lakini kinasisitiza kwamba mafunzo hayo hayaondoi wajibu wa mzazi kukaa mahali ambapo mkono wake unamfikia mtoto. Yale maboya ya kupuliza yanayovalishwa mikononi ni vitu vya kuchezea tu, hata muuzaji akisema nini.

Bibi, Mabanga
Wanangu, kwa upande wa kucheza, mbona mnatafuta mbali? Katika misa ya desturi ya Zaire, ambayo Roma iliidhinisha mwaka 1988, watoto hucheza mbele ya altare, na mazoezi yao hufanyika uwanjani pa parokia. Mjukuu wangu hajafikia umri wa kuandikishwa, lakini huwa namkalisha karibu na dada zake wakubwa. Dakika tano huwaiga, dakika tano hufukuza kuku, kisha hurudi penye mstari na ile hatua anaiweza. Mwalimu anayewapanga watoto wa miaka miwili mistari na kuwapigia kelele, huyo hawajui watoto.

Mama wa Murara
Sisi tuliungana familia tatu, tukamwita nyumbani kijana anayecheza ngoma za asili kwenye sherehe, na gharama tunagawana. Taabu yetu ilikuwa uwanja: uani kwangu ni lava tupu, ile volkano ya Nyiragongo iliyotumwagia mwaka 2002, mtoto hawezi kuirukia peku, kwa hiyo tulihamia barazani na kutandika mikeka miwili juu ya saruji. Mwalimu hupiga ngoma kwa mkono, hatumii spika, kwa sababu ngoma anaweza kuinyamazisha ghafla. Ikinyamaza, wote huganda kama sanamu, na huo ndio mchezo wanaoupenda kuliko mengine yote. Kuruka kwa miguu yote miwili, mwanangu alijifunzia hapo. Wazazi tunakaa palepale, na asiyetaka kucheza siku hiyo hutazama.

Mama wa Kyeshero
Asanteni sana. Baba mapacha, huyo mwalimu wenu anapokea watoto wangapi kwa wakati mmoja?

Baba wa mapacha, Himbi
Hapokei zaidi ya watatu, tena kila mtoto aje na mtu wake mzima. Kwetu wako wawili, kwa hiyo nafasi ya tatu iko wazi, Jumamosi saa tano asubuhi, jua likiwa limekwisha kupasha maji kidogo. Nimemwambia kuhusu binti yako. Anataka kwanza umlete aketi ukingoni atazame wenzake, bila malipo.